Jiwe la Nyumba ya Ewan Mrefu

Kila siku shule ilipofungwa, Ishbel MacCorran alivuka daraja, akakata kona ya posta na kuingia Nyumba ya Ukoo. Ilikuwa nyumba ya chumba kimoja, bati lake limeliwa na kutu, lakini mlangoni palikuwa na kibao kilichopakwa rangi upya kila mwaka: Chama cha Ukoo wa MacCorran. Humo ndani bibi yake, Bibi Peigi, aliyekuwa katibu wa chama kwa miaka thelathini na mmoja, aliketi nyuma ya meza akiandika barua za kwenda Kanada, Australia na kokote walikotawanyika watu wa ukoo. Kazi ya Ishbel ilikuwa kubandika stempu, kuwasha jiko la mboji, udongo mkavu unaowaka kama kuni, na kuweka ndoo pale paa lilipovuja.

"Ukoo ni kama ng'ombe wa maziwa," Bibi alizoea kusema. "Usipoamka kumkama kila siku, anakauka."

Katika kabati la chumba hicho mlikuwa na kitu kimoja ambacho Ishbel hakuruhusiwa kukigusa kwa mikono michafu. Kiliitwa Daftari la Mawe.

Miaka mia mbili iliyopita, bwana mwenye ardhi aliamua kuwa kondoo wana faida kuliko watu. Askari wakapanda bondeni hadi kijiji cha Achravie, wakawatoa watu nje pamoja na wagonjwa na watoto wachanga, kisha wakatia moto mapaa ili mtu asirudi. Watu wakapakiwa melini kama magunia. Hawakuacha hati wala picha. Kilichobaki ni kuta zilizobomoka, na majina ya nyumba waliyopokezana kwa midomo. Kwa hiyo kila mwaka, siku ya Mkutano wa Ukoo, chama kilileta jiwe moja kutoka nyumba moja ya Achravie na kuliongeza kwenye rundo la mawe mbele ya Nyumba ya Ukoo. Mchukuzi alikwenda kwa miguu, maili nne kupanda na maili nne kushuka. Aliporudi aliandika daftarini jina la nyumba, tarehe, na maneno haya: Nimelitoa mekoni kwa mkono wangu.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya nyumba ya Ewan Mrefu, kwa sababu mzao wake, Bi. Sadie, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, alikuwa anakuja kutoka Kanada kwa mara ya kwanza maishani.

"Goti langu limegoma," Bibi Peigi alisema. "Safari hii utakwenda wewe, mjukuu wangu. Ijumaa, ukitoka shule. Ni nyumba ya mwisho, yenye mti wa vitunda vyekundu mlangoni."

Ishbel alivimba kwa fahari. Wachukuzi wote waliomtangulia walikuwa watu wazima.

Lakini Ijumaa hiyohiyo, mwalimu wa mpira wa magongo alitangaza kwamba jioni angechagua timu ya kwenda Inverness. Ishbel alisimama pembeni mwa uwanja, mfuko wa kubebea jiwe begani.

"Haya, katibu mdogo!" Lachie, mtoto wa mchungaji wa kondoo, alimpigia kelele. "Nenda kabebe mawe yako. Namba yako atapewa dada yangu."

"Dada yako hawezi hata kulipiga shuka kwa gongo, sembuse mpira!"

"Basi ingia tuone."

Akaingia. Alifunga mawili, akachaguliwa. Alipochomoa kichwa katika furaha ile, saa kumi na mbili ilikuwa imepita, mvua inanyesha, na visubi wametanda bondeni kama moshi.

Walipofika darajani na Lachie, Ishbel alisimama akitazama mtoni. Palikuwa na mawe mengi.

"Jiwe ni jiwe," Lachie alisema. "Kwani litasema?"

Njia ya mwongo ni fupi, nayo ya Ishbel ilikuwa hatua thelathini tu, kutoka darajani hadi majini. Aliokota jiwe lenye ukubwa wa mkate. Nyumbani alilikausha, akaona bado ni jeupe mno kwa jiwe la mekoni. Wazo lililofuata halikutoka kwa Lachie. Lilikuwa lake mwenyewe. Alichota masizi ndani ya jiko, akalisugua jiwe upande mmoja mpaka likawa jeusi tititi.

Bibi Peigi alikuwa Nyumba ya Ukoo akipanga vikombe. Hakulifunua jiwe, maana desturi ilikuwa lifungwe kitambaani, na wa kulifungua awe mkubwa wa nyumba husika.

"Kulikuwaje huko juu?"

"Mvua, Bibi."

"Maskini, umelowa chapachapa. Na mti bado upo mlangoni?"

"Upo."

Bibi akamletea daftari na kalamu. Mkono wa Ishbel ulikuwa mzito kama wa mtu aliyelala juu yake. Akaandika: Nimelitoa mekoni kwa mkono wangu.

Jumamosi watu walijaa. Zumari za mifuko zililia tangu asubuhi, na wazee wawili waligombania kushika bendera, kama walivyogombana kila mwaka tangu Ishbel aanze kutembea. Bi. Sadie alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, amevaa skafu yenye mistari ya ukoo. Alipokabidhiwa furushi, alilifungua polepole. Upande mweusi ukatokea.

"Moshi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilisikika hadi nyuma. "Huu ni moshi wa nyumbani kwetu."

Akaliinua jiwe kwa mikono miwili, akalibusu.

Alipolishusha, midomo yake ilikuwa myeusi.

Watu walilia. Wazee wa bendera walilia wameshikana mabega. Ishbel aliitazama ile midomo. Bibi Peigi hakulia. Alitoa leso, akamfuta mgeni midomo taratibu, akaitazama ile leso, kisha akaikunja na kuitia mfukoni.

"Nina ombi," Bi. Sadie alisema. "Kaka yangu Angus alifariki majira ya kuchipua. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akisema, 'Sadie, tutakwenda Achravie.' Hatukwenda. Mkiniruhusu, jiwe hili lisibaki hapa. Nataka nikaliweke kwenye kaburi lake."

Mwenyekiti alikubali papo hapo, na makofi yakapigwa. Bi. Sadie angeondoka Jumatatu kwa ndege ya mchana.

"Umeponea chupuchupu," Lachie alimnong'oneza Ishbel akitafuna biskuti ya siagi. "Likishapanda ndege, kesi imekwisha."

Biskuti ya Ishbel ilikuwa imegeuka vumbi la mbao mdomoni. Jiwe lile lingekuwa kaburini, juu ya mtu aliyeitamani Achravie maisha yake yote. Na si jiwe la Achravie. Ni jiwe la chini ya daraja, ambapo bata hujisaidia.

Jumapili, kanisani, hakuweza kuimba. Chakula cha mchana alikirudisha kama kilivyopakuliwa. Kisha akachukua mfuko na kupanda bonde peke yake. Alikuwa na mpango: angeleta jiwe la kweli, aingie kwa siri katika nyumba ya wageni alikofikia Bi. Sadie, abadilishe, na dunia iendelee.

Alipanda kwa saa mbili. Visubi walimla masikio. Mwishowe akauona mti wa vitunda vyekundu, umesimama kwenye mlango usio na nyumba. Akaingia. Meko yalikuwa mahali pake, ukutani. Akapiga magoti, akakwangua ukoga wa kijani kwa kucha.

Mawe ya mekoni hayakuwa meusi.

Yalikuwa ya kijivu, safi kama sahani. Mvua ya miaka mia mbili ilikuwa imeosha kila chembe ya moshi. Mtu yeyote aliyewahi kufika hapa angejua hilo, na Bibi Peigi alikuwa amefika hapa mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Ishbel akaikumbuka leso. Akakumbuka jinsi ilivyokunjwa.

"Anajua," alisema kwa sauti, na kondoo wawili wakageuka kumtazama. "Tangu jana anajua."

Alikuwa ameshang'oa jiwe dogo. Alilishika kwa muda, kisha akalirudisha pale alipolitoa. Angeliiba vipi jiwe la watu ili kufunika uongo aliowapa watu haohao? Akashuka mikono mitupu.

Katika nyumba ya wageni, Bi. Sadie alikuwa akinywa chai na Bibi Peigi. Furushi lilikuwa kitini, kama mgeni wa tatu.

"Shikamoo, Bi. Sadie," Ishbel alisema mlangoni. Magoti yake yalikuwa na matope. "Hilo jiwe si la Ewan Mrefu. Nililiokota mtoni. Sikwenda Achravie, nilibaki mpirani. Halafu nikalipaka masizi ya jikoni kwetu."

Bibi Peigi aliweka kikombe chini.

"Rudia," Bi. Sadie alisema.

Ishbel akarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Bi. Sadie aligusa midomo yake kwa vidole. "Jana nilimpigia simu mjane wa kaka yangu. Nikamwambia nimeugusa moshi wa kwetu. Mama wa watu alilia mpaka akashindwa kusema. Sasa nimwambie nini, mtoto? Nimwambie nilibusu masizi ya jiko lenu?"

Ishbel alitamani afokewe, apigwe hata kofi.

"Nitamwambia mimi," akasema.

Bi. Sadie alimkazia macho. Kisha akachukua simu, akabonyeza namba, akampa. Ng'ambo ya bahari mwanamke mzee akaitika. Ishbel akaeleza yote tangu mwanzo, machozi yakimdondokea kwenye viatu, na alipomaliza yule mwanamke aliuliza kitu kimoja tu: "Una miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Angus akiwa na kumi na miwili alisema uongo mkubwa kuliko huo, kuhusu farasi wa jirani. Nipe Sadie."

Hatujui wale wanawake wawili walisemezana nini. Bi. Sadie aliposhusha simu, aliuliza, "Na huko Achravie, ulifika leo?"

"Ndiyo."

"Ulileta jingine?"

"Nililishika. Nikalirudisha. Niliona si langu la kuchukua."

"Hilo ndilo neno la kwanza la akili ninalolisikia tangu uingie." Akamgeukia Bibi Peigi. "Katibu, chama chenu kina namna ya kumpandisha bibi kizee huko juu kabla ya ndege?"

Jumatatu alfajiri, Baba Lachie alileta trekta lenye tela lililotandikwa majani makavu. Bi. Sadie aliketi katikati kama malkia, Bibi Peigi na goti lake kando yake. Ishbel na Lachie walitembea nyuma na kusukuma kila tela lilipokwama. Lachie alikuwa amepata karipio lake kutoka kwa baba yake, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Pale mekoni Bi. Sadie alipiga magoti mwenyewe, akakataa kushikwa mkono. Akachagua jiwe dogo la kijivu.

"Halina moshi," Ishbel alisema kwa unyonge.

"Afadhali. Skafu yangu iliharibika kwa masizi juzi." Akacheka kidogo, kisha akalia sana, na safari hii Bibi Peigi alilia naye.

Bi. Sadie alipoondoka, Ishbel alifungua Daftari la Mawe. "Bibi, nichane ukurasa huu?"

"Thubutu! Andika chini yake ukweli wote, utie sahihi."

Ishbel akaandika: uwanja, daraja, masizi, simu. Alipomaliza akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, ulijua. Mbona hukusema?"

"Niliiona leso, nikajua. Ningesema leo asubuhi, kabla Bi. Sadie hajapanda gari. Jumapili nilikuachia wewe, na kusema kweli, usiku wa Jumamosi sikulala. Nilikaa na uongo siku moja tu, nikaona uzito wake." Bibi Peigi akafunga daftari na kuweka kiganja juu yake. "Sikiliza, Ishbel. Waliotufukuza walikuwa na hati, mihuri na askari. Sisi tulikuwa na nini? Neno tu. Mtu alimwambia mwanawe, 'Nyumba yetu ni ile,' mwana akaamini, akamwambia wa kwake. Miaka mia mbili! Zumari na bendera ni mapambo. Ukoo ni kuaminiana. Ukitia jiwe moja la uongo katika rundo, unayatilia shaka mawe yote, hata yale yaliyobebwa na waliokufa. Kosa lako linasameheka, kwa sababu ulilitaja kwa mdomo wako kabla halijavuka bahari. Mwakani utapanda tena Achravie, na nitakuamini. Kuaminiwa huko ndiyo adhabu yako."

"Na jiwe la mtoni, nilitupe?"

"La hasha. Mlango huu haukai wazi, upepo unaubamiza."

Jiwe lile lipo pale mpaka leo, chini ya mlango wa Nyumba ya Ukoo. Kila siku shule ikifungwa, Ishbel hulisukuma kwa mguu ili mlango ukae wazi, kisha huenda kunawa mikono kabla ya kuligusa Daftari la Mawe.