Tauno si Dume

"Mtoe," alisema Marjut. "Mtoe sasa hivi."

"Wape dakika moja. Wanachumbiana."

"Ilpo, hiyo si posa. Hivyo ni vita."

Ndani ya tangi la kioo, ghorofa ya nne mjini Tampere, samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe walikuwa wameng'ang'aniana kwa taya juu ya anemoni, kiumbe wa baharini mwenye minyiri ambamo samaki hao hujihifadhi. Mkubwa, Hilkka, alikuwa wa Marjut. Dume wake alikufa kiangazi. Wa pili, Tauno, aliletwa mchana huo kwenye ndoo na Ilpo, fundi wa lifti mwenye miaka hamsini na saba, ambaye tangu Novemba alikuwa akija kila Jumamosi kunywa kahawa na kutosema anachotaka.

Marjut alizamisha chujio la tambi, akamnasa Tauno, akamrudisha kwenye ndoo. Hakuwa mtu wa kuhamaki. Riziki yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, kazi inayomfundisha mtu kukitazama kinywa kabla ya kusikiliza kinachosema.

"Dume akikutana na jike hutetemeka mwili mzima, akalala ubavu, aonyeshe amekubali kutawaliwa. Huyu wako hakutetemesha hata pezi."

"Labda ni mkaidi."

"Ni jike."

Ilpo akaitazama ndoo. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume. Jike akifa, dume aliyebaki hugeuka jike, taratibu, miezi kwa miezi, na akishageuka harudi. Katika chama chao cha wafugaji wa samaki wa mapambo hapakuwa na mwanachama asiyelijua hilo.

"Uliniambia jike wake alikufa wiki tatu zilizopita."

"Nilisema hivyo."

"Alikufa lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu upi? Leo ni Februari."

"Wa mwaka juzi."

Marjut akakausha mikono yake, kidole kimoja kimoja.

"Kwa nini, Ilpo?"

"Ulitangaza chamani unatafuta dume. Mwenzetu Rauno anaye. Ningesema ukweli, leo angekaa Rauno hapa, anakula keki yako."

"Rauno ana mke."

"Ana dume vilevile."

Marjut hakucheka.

"Niliishi na mwanamume miaka kumi na tisa. Hakunidanganya jambo kubwa hata moja. Alidanganya madogo: amezima jiko, amempigia mama yake, amefunga mlango. Nikafika mahali, akisema mvua inanyesha, nakwenda dirishani kuhakikisha. Maisha yale siyarudii."

"Nimekuelewa."

"Chukua ndoo yako. Izungushie blanketi, nje ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri."

Sentensi hiyo ya mwisho aliiona ina huruma kupita kiasi, lakini ilikuwa imeshatoka.

Jumatatu simu yake ikaleta ujumbe: "Tauno hajambo. Hilkka je?"

"Mdomo umevimba. Anakula."

Jumatano: "Samahani."

Huo hakuujibu. Jumamosi alipika kahawa ya watu wawili kwa mazoea, akainywa yote peke yake kwa hasira, na usingizi ukamkataa.

Katikati ya Machi, kengele ya mlango wa chini ililia.

"Ni mimi," ilisema sauti ya Ilpo kwenye kipaza sauti. "Nimekuletea dume. Mdogo, hajawa kitu bado. Nimemfuata Oulu."

"Oulu? Hizo ni saa sita za barabara."

"Saba, theluji ilianguka. Kabla hujafungua, sikiliza. Muuzaji alisema hana kasoro. Anayo. Pezi la kushoto ni fupi, anaogelea kama mlevi. Alisema ana miezi mitano, sina ushahidi. Njiani nilisimama kula supu, maji yakapoa nyuzi mbili, kosa langu. Hayo ndiyo ninayoyajua."

"Umemaliza?"

"Bado. Samaki ni wako hata usiponifungulia, nitamwacha kwa jirani. Mimi sikuja kwa ajili ya samaki. Nakupenda, Marjut, na Jumamosi kwangu zimekuwa ndefu mno."

Mbwa akabweka mahali fulani chini.

"Nani yuko hapo?"

"Jirani yako na mbwa wake. Anasoma tangazo la zamu za sauna. Ameanza kulisoma mara ya tatu."

Marjut aliegemeza paji la uso ukutani. Hapo ukutani, pasipokuwa na wa kumwona, alitabasamu.

"Panda," alisema.

Walimwita Pentti. Hilkka alimwendea kasi. Pentti akatetemeka kuanzia kichwa hadi mkia, akalala ubavu. Hilkka akamzunguka mara mbili, akamwacha, kisha akamsogezea nafasi ndani ya anemoni.

"Anatetemeka," Marjut alinong'ona.

"Hata mimi. Ila mimi nimetoka kwenye baridi."

Neno msamaha halikutamkwa. Marjut alitoa kikombe cha pili.

Mwezi wa Oktoba Pentti alianza kukisugua kwa mdomo kigae kilicholazwa kando ya anemoni, siku nne mfululizo, mpaka kikang'aa. Hilkka akataga juu yake safu kwa safu, na Pentti akawa anayapepea mayai kwa lile pezi lake fupi bila kupumzika. Siku ya nane, Marjut alimpigia Ilpo kazini.

"Uko wapi?"

"Ndani ya shimo la lifti. Sema."

"Macho ya rangi ya fedha yanaonekana ndani ya mayai. Leo nikizima taa wataanguliwa. Vifaranga hulishwa mara tano kwa siku, siku kumi za mwanzo. Peke yangu siwezi."

"Unataka nije nikae siku kumi."

"Nimesema siku kumi."

"Nakoroma."

"Nilikusikia kwenye sofa wakati wa Pasaka. Nilidhani ni pampu ya tangi."

"Na siku ya kumi na moja?"

Kwenye simu ukasikika upepo wa shimoni.

"Siku ya kumi na moja mistari myeupe huanza kujitokeza," alisema Marjut polepole. "Sitaki nikuhadithie. Nataka uione."

Ilpo alikuja na begi la nguo za siku kumi. Wakaanguliwa vifaranga mia mbili, wakapona arobaini, jambo ambalo chamani huhesabiwa mafanikio. Mstari wa kwanza ulitokea asubuhi ya siku ya kumi na moja, mwembamba kama uzi, nao wawili wakautazama vichwa vyao vikigusana. Kisha Ilpo akauliza mashine ya kufulia inawashwaje, kwa kuwa nguo safi zilikuwa zimemwishia.

Marjut akamwonyesha.