Kiwanda cha Mzee Bonifasi Chapata Paa

"Pima tena nione! Pima! Hiyo futikamba nitakufunga nayo shingoni!"

Mama Severina alikuwa amesimama mlangoni mwa kiwanda cha alizeti cha marehemu mumewe, kanga kaikaza kiunoni, ungo bado mkononi. Mbele yake alisimama Sostenes, fundi redio na simu wa pale Mkiwa, jirani yake wa ua kwa ua. Futikamba ilimning'inia mkononi kama mkia wa mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ya nini? Unanisalimia huku unanipimia ukuta? Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Basi unapima nini?"

Sostenes akautazama ukuta. Akawatazama watu waliokwisha kujaa, wengine na chai yao mkononi.

"Ukuta tu, mama."

"Jamani mmemsikia? Anapima ukuta tu!"

Watu wakaangua kicheko. Raheli, binti wa Mama Severina, akatoka saluni kwake mbio, nyuma yake mteja wake Jenipher, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Raheli alipomwona aliyebanwa ukutani, akapenya watu hadi mbele. Yeye na Sostenes walikuwa wapenzi, na Jumapili hiyo mshenga wao, Mzee Laurenti, alikuwa aje kumposea. Mama alikuwa bado hajui lolote.

"Mama, twende nyumbani. Watu wanatazama."

"Waache watazame! Huyu katumwa na baba yako mdogo. Tangu baba yako atutoke, Melkizedeki anakimezea mate kiwanda hiki. Leo kaleta mpimaji, kesho ataleta dalali!" Akamgeukia Sostenes. "Na ule ugali wangu uliouzoea pale barazani, umekwisha. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Hilo ndilo lililomchoma Raheli. Kwa Mama Severina kila mtu alilishwa, lakini majirani na wageni walikula barazani. Ndani, kwenye mkeka wake, walikula watu wa nyumba tu. Raheli alikuwa akiota siku Sostenes atakapovuka kile kizingiti. Sasa hata baraza kanyang'anywa.

Waliporudi saluni, Jenipher hakungoja hata akae sawa.

"Shoga, mimi si msemaji..."

"Wewe Jenipher, si msemaji?"

"Nisikilize kwanza. Juzi nilikuwa Ihanja. Nikamkuta Sostenes wako uani kwa baba yako mdogo. Wamechuchumaa. Baba yako mdogo anachora mchangani na kijiti, Sostenes anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo."

"Anachora nini?"

"Kiwanja, shoga! Mnagawanywa hivyo!"

Raheli akaacha kusuka. Akachukua simu.

"Ulikwenda kwa baba mdogo?"

Jibu likaingia upesi: "Ndiyo."

"Kufanya nini?"

Hapo akakawia. Kisha: "Nitakuonyesha Jumapili mpenzi. Niamini kidogo tu. Bado paa."

Jenipher alikuwa anasoma juu ya bega lake.

"Bado paa? Mama yangu! Wameshafika kwenye paa!"

Raheli akapiga.

"Sostenes, unamsaidia baba mdogo kuuza kiwanda cha baba?"

"Mimi? Raheli!"

"Nijibu."

"Siuzi kitu. Ni... naona aibu kukueleza. Utanicheka."

"Mama yangu karudi jikoni analia, wewe unaogopa kuchekwa?"

"Nipe mpaka Jumapili."

"Hakuna Jumapili. Mwambie Mzee Laurenti asije."

Akakata. Kisha akamvuta Jenipher nywele kwa hasira mpaka yule akapiga yowe.

Siku iliyofuata, mchana, Raheli hakuugusa wali wake. Mama akamtazama, akasukuma sahani pembeni.

"Nani kakufanya hivyo?"

Raheli akaona bora aseme.

"Mama, yule Sostenes alikuwa alete mshenga kesho."

"Sostenes yupi? Wa futikamba?"

"Huyo huyo."

"Mmeanza lini?"

"Alipotengeneza redio ya marehemu."

Mama akapiga makofi. "Ndiyo maana ile redio iliharibika kila wiki! Mimi nanunua betri kumbe nauguza mapenzi! Inuka."

"Twende wapi?"

"Kwake. Mtu anayetaka binti yangu na kiwanda changu kwa mpigo mmoja, nataka kumwona usoni."

Jenipher, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, akaiacha chumvi, akafuata nyuma kusindikiza.

Mlangoni kwa Sostenes kulisikika sauti ya mota, krrr, krrr. Mama Severina hakupiga hodi. Alisukuma mlango, akaingia, akasimama kama aliyeshikwa mkono.

Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Chumba kizima kilikuwa meza, na juu ya meza ilizunguka reli. Kitreni cha kuchezea watoto, cha kununua mnadani, kilikuwa kinajikongoja kwa mota ya deki mbovu, kikipita stesheni yenye taa, tangi la maji lililosimama kwa spoki za baiskeli, na godauni lenye milango ya kusukuma. Sostenes alikuwa amepiga magoti, kidole kimegandia kwenye gundi.

"Shi... shikamoo, mama."

Mama Severina alikuwa anatazama jengo lililokuwa kando ya reli. Kuta zake zilikuwa za boksi, lakini zimepakwa udongo, udongo ule ule mwekundu wa kwao. Ufa ulishuka pembeni mwa dirisha, palepale unaposhukia. Bomba la moshi lilikuwa mrija wa peni. Mapipa ya mafuta yamepangwa tayari kupakiwa. Kilichokosekana kilikuwa bati moja tu la paa, lile lililogandia kidoleni mwa Sostenes.

"Hapa," mama akasema taratibu, "ni kwetu."

"Ndiyo, mama."

"Lakini paa letu liling'olewa na upepo."

"Hapa halijang'oka bado. Hii ni enzi za mzee." Sostenes akamtazama Raheli. "Siku moja uliniambia umeanza kusahau kiwanda kilivyokuwa baba yako alipokuwa hai. Nikasema nitakujengea. Kuta nilizipima mwenyewe. Paa sikuliwahi, ndiyo nikaenda kumuuliza baba mdogo. Si alifanya kazi pale na kaka yake? Akanichorea mchangani."

"Melkizedeki alikuchorea hiki?" mama akauliza.

"Alichora mpaka machozi yakamtoka. Akasema mizani ilikaa hapa, karibu na mlango."

"Muongo!" Mama Severina akaruka. "Mizani haikukaa mlangoni! Ilikaa upande wa kivuli, maana mimi ndiye niliyekuwa napima! Yeye angejuaje, alikuwa analala juu ya magunia!"

Jenipher akacheka hadi akakaa chini. Sostenes akaihamisha mizani kwa mkono uliokuwa huru.

"Sogeza tena. Hapo. Hapo hapo."

Raheli alikuwa ameokota kitu kando ya meza.

"Hiki si kitana changu? Uliniomba ukasema unataka uwe unanikumbuka."

"Bati nimekata kwenye kopo la soda, nikalikandamiza kwenye meno ya kitana, likatoka na migongo kama bati la kweli. Nimekukumbuka kila bati, Raheli."

"Na mimi nikakukatia simu."

"Ulikuwa na haki."

Mama akakunja mikono. "Kwa nini hukusema siku ile, mtoto wewe? Nimekutukana mbele ya Mkiwa nzima."

"Watu walikuwa wengi, mama. Mwanaume mzima na ndevu zangu, niseme napima ili nikajenge kijumba cha boksi?"

"Ungesema."

"Ningesema. Na ningebisha hodi kabla ya kufungua futikamba. Nisamehe, mama."

Mama alikuwa ameinama, uso wake karibu kugusa reli. Nje ya mlango wa kile kiwanda, baiskeli ya waya ilikuwa imeegemezwa ukutani, usukani umegeukia barabarani.

"Bonifasi aliiegemeza hivi hivi," akasema. "Kila nikimwambia igeuze, anasema hivi ndivyo ataondoka haraka."

Kitreni kikazunguka, kikafika kiwandani, kikasimama kupakia.

Ghafla mama akatoka. Raheli akadhani amekwenda kulia. Kumbe alirudi na kipande cha mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, akakivunjavunja vidoleni, akamwaga kichuguu nyuma ya jengo.

"Kiwanda hakina mashudu? Kiwanda gani hicho? Raheli, mpigie baba yako mdogo. Mwambie kesho aje mapema."

"Kufanya nini, mama?"

"Kwanza aje aone alivyokosea mizani. Pili, huyo mshenga atapokewa na nani, na mimi?"

Raheli akashika mdomo. "Mama! Lakini nilimwambia Sostenes amzuie Mzee Laurenti."

Sostenes akakuna kichwa. "Sikumzuia. Niliogopa nikimwambia asije, atakubali."

Jenipher alikuwa amekwisha kutoka nje na simu yake sikioni. Kabla gundi haijakauka kwenye paa, uani kulijaa watu, kila mmoja anataka kuona treni ya Sostenes, na wale wale waliocheka ndio waliopanga foleni ndefu zaidi. Jenipher akawa anawapitisha wawili wawili, anawaeleza kila jengo kama alilijenga yeye.

Jioni, harufu ya kuku wa kienyeji ilipovuka ua, watu wakahamia kwa Mama Severina bila kuitwa. Baraza likafurika. Sostenes naye akaja, akaona upenyo karibu na nguzo, akakaa palepale alipozoea kukaa. Raheli, akigawa maji ya kunawa, alimtazama.

Mama Severina akatokea mlangoni na mwiko.

"We Sostenes. Unafanya nini hapo?"

Baraza zima likageuza shingo.

"Nasubiri, mama. Kama ule ugali haujaisha."

"Wa hapo barazani uliisha. Si nilikwambia?" Akasogea pembeni, mlango ukabaki wazi, mkeka ukionekana. "Nawa mikono, hiyo gundi ikikubali, uingie ndani ule."