Ndovu wa Chuma na Kadi Zisizochangwa

Kila Alhamisi akitoka shuleni, Shani alikuwa na utaratibu wake. Alivua viatu mlangoni, akala, akaosha vyombo, akaswali alasiri, kisha akachukua bunda la kadi na kuteremka hadi ghorofa ya pili. Hapo, kando ya lifti, palikuwa na sakafu ya marumaru yenye ubaridi. Nje, mtaa wao wa ughaibuni, Fereej Bin Mahmoud, uliungua kwa jua, na barabara kubwa ilizibwa kwa mabati kwa sababu ya ujenzi wa metro. Watoto wa jengo lile walichezea ndani.

Wenzake walikuwa Njenga na Jebet, watoto wa familia mbili za Kikenya za jengo hilo hilo. Watatu hao walikuwa timu moja katika mchezo wa kadi uitwao Ngome, na Jumamosi walikuwa na mashindano katika ukumbi wa duka la michezo. Kila timu hupeleka bunda moja tu, na wachezaji hupokezana. Bunda lao alilipanga Shani. Alikuwa amelihangaikia muhula mzima, akitoa kadi hii na kuingiza ile mpaka likakaa sawa.

Alhamisi hiyo alimkuta Njenga, Jebet akiwa kando yake, amezipanga sakafuni kadi tatu mpya zinazometameta.

"Ndovu wa Chuma," Njenga alisema. "Hii kadi ni noma, Shani. Ikishuka mara moja, ngome ya mpinzani imekwisha. Tunatoa Paa wote watatu, tunaingiza hizi."

Shani aliokota moja, akaisoma. Katika mchezo wa Ngome, kila zamu mchezaji huweka jiwe moja, na mawe hayo ndiyo nguvu ya kuziteremsha kadi. Paa alihitaji mawe mawili tu. Ndovu alihitaji saba.

"Mawe saba ni mengi mno," alisema. "Kabla hatujayafikisha, sisi wenyewe tutakuwa tumeshabomolewa. Haifai kabisa."

"Tuliijaribu jana, mimi na Jebet. Imeshinda kila mara."

"Mliijaribu vipi?"

"Nilianza nayo mkononi, ili tuione ikifanya kazi."

"Na mimi nilikuwa namngoja afikishe mawe," Jebet aliongeza kwa sauti ndogo. "Ni yeye kapteni, na kadi ni mpya. Nilitaka kumwona Ndovu akishuka."

Shani aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kadi imechaguliwa, mpinzani amekaa anasubiri apigwe, halafu ati imeshinda! Hata mtoto wa chekechea angeshinda hivyo.

"Huko si kujaribu," alisema. "Huko ni kujidanganya."

Njenga alinyanyuka. "Sema tu una wivu. Kadi si yako, ndiyo maana inakuuma. Kama hutaki, Jumamosi tutamchukua Kiprop, na nafasi yako imekwenda."

Wivu. Kuna maneno ya kuvumilika, lakini hilo, mbele ya Jebet, lilimchoma Shani. Bunda alilipanga nani? Nani aliacha kutazama katuni jioni ili afikirie kadi? Leo anaambiwa ana wivu, na nafasi yake apewe Kiprop wa shuleni kwao, ambaye hata hajui Paa anahitaji mawe mangapi. Alipanda ngazi bila kungoja lifti, na mlango wa kwao ukafungwa kwa kishindo kilichosikika jengo zima.

Baba yake, Mzee Omari, alirudi magharibi kutoka kwenye kazi yake ya udereva. Alimkuta binti yake amefura, chai yake haijaguswa. Shani alimweleza yote, na kila alipolifikia neno wivu, sauti yake ilipanda.

Mzee Omari alisikiliza hadi mwisho. "Wamekuonea," alisema. "Sasa niambie, wewe umeijaribu hiyo kadi?"

"Sina haja, Baba. Najua haifai."

"Yeye ameisifu bila kuchanga kadi, wewe umeikataa bila kuicheza. Mimi sioni nani kamzidi mwenzake."

Shani alimkata jicho, kisha akainamisha macho haraka, maana huyo alikuwa baba yake. Lakini moyoni alichemka. Alitaka mtu wa kumtetea, naye baba anamweka kapu moja na Njenga.

"Unatuona sisi Ijumaa tukicheza karata za wahedi wasitini," baba aliendelea. "Mmoja anachanga karata, mwingine anakata, ndipo zinagawiwa. Mchezo ambao karata hazikukatwa hatuuhesabu, hata ukiwa na turufu zote. Waite wenzako kesho baada ya swala. Nitakaa nitazame."

Ijumaa wakaja. Njenga alichukua bunda lenye Ndovu watatu. Shani alichukua bunda la kuazima, mfano wa yale ambayo wangekutana nayo ukumbini. Njenga alichanga na Shani akakata, kisha Shani akachanga na Njenga akakata.

Mchezo wa kwanza, Ndovu alikaa mkononi mwa Njenga kama mgeni asiyejua aketi wapi, mpaka ngome ikavunjika. Wa pili ulikuwa mbaya zaidi, kwani alishika Ndovu wawili na hakuwa na kadi ndogo ya kujikinga. Wa tatu, vivyo hivyo. Shani alijikaza asitabasamu.

Mchezo wa nne ukawa mrefu. Njenga alipata kadi ndogo za kutosha, akajikinga, akafikisha mawe saba. Ndovu akashuka. Shani alitafuta kadi ya kumzuia, hakuipata, na ngome yake ikaanguka kwa pigo moja.

Alizikusanya kadi upesi upesi. "Hiyo ilikuwa bahati. Tusiihesabu."

"Kwani hazikuchangwa?" baba yake aliuliza.

"Zilichangwa."

"Hazikukatwa?"

Shani aliliangalia bunda la Njenga. Alikuwa amezikata yeye mwenyewe. Njenga alikuwa akimtazama tu, na kutazamwa huko kulimwasha uso. Jana aliwaita watu wanaojidanganya, na leo alitaka kufanya lile lile, tena mbele yao.

"Ihesabiwe," alisema hatimaye, na neno lilitoka kwa shida. "Akishuka, hazuiliki. Nilisema haifai kabisa. Nilikosea. Ila tatu ni nyingi, zinatuganda mkononi. Tutoe Paa mmoja, tuweke Ndovu mmoja. Mchezo ukirefuka, atatufaa."

"Hapo sawa," Njenga alisema polepole. "Mmoja atatosha."

"Lakini uliniita mwenye wivu, Njenga. Hilo halijanitoka."

Njenga alikuna kichwa. "Haikuwa kweli. Nilikasirika kwa sababu uliikataa kadi yangu. Nisamehe. Na hiyo nafasi ni yako, hakuna cha Kiprop."

Jumamosi walishinda mizunguko yao ya mwanzo kwa Paa na kadi nyingine ndogo, na Ndovu hakuonekana. Kisha wakapoteza mmoja, hivyo mchezo wa mwisho ukawa wa kuamua nani wa pili na nani wa tatu, na zamu ilikuwa ya Shani. Mpinzani alikuwa mgumu, na mchezo ukarefuka. Alipofikisha jiwe la saba, alivuta kadi, akakaa akiitazama. Kadi ile ile aliyosema haifai kabisa. Akaishusha, na ngome ya mpinzani ikaanguka.

Ndani ya gari wakirudi, Njenga alicheka mpaka akashika tumbo. "Shani, umeshinda kwa kadi yangu."

"Katika bunda langu," Shani alimjibu, akacheka naye.

Mzee Omari alingoja taa nyekundu, ndipo akageuka.

"Njenga, kitu kipya kisikupumbaze kwa kumetameta. Kipime kwa haki kabla hujawalazimisha wenzako. Nawe Shani, ulionewa, na ulikuwa na kila sababu ya kukasirika. Lakini kama jana ungeuficha ule mchezo mmoja, Ndovu asingekuwemo leo. Ukidai watu wapime mambo kwa haki, nawe yapime hivyo hivyo, hata majibu yakikuudhi."

Shani alilifungua bunda mapajani, akamtoa Ndovu wa Chuma na kumrudishia Njenga. Njenga aliisukuma kadi ile irudi kwake, akamwambia aiache pale pale bundani.