Madirisha ya Mashua Kubwa

Upepo wa Kericho hauna adabu, hasa alasiri mvua ikikaribia. Siku moja ya soko, mwaka wa tisini na sita, ulinyakua kitambaa kikubwa cheupe mikononi mwa mwanamume mmoja, ukakitupa juu ya Chelimo, cherehani yake na mama aliyekuja kupimwa sketi.

"Nani ameleta hema hapa?" Chelimo akapiga kelele kutoka ndani.

"Si hema, dada. Ni tanga. Pole sana."

Alipofunuliwa, kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeenda upande, na mkasi unaning'inia juu ya gauni lake la manjano. Mbele yake alisimama mtu mrefu aliyevaa ovaroli lenye mafuta, ila kola ya shati iliyochungulia ndani ilikuwa nyeupe na imepigwa pasi. Chelimo aliiona kola kabla ya kuuona uso.

"Tanga ya nini? Hapa maji yetu ni ya mvua na ya chai."

"Ya mashua. Panya wameitafuna. Mimi ni Opondo, fundi wa mitambo kule kiwandani."

"Mtu wa samaki! Sasa umekuja kuvua kwa majani chai?"

"Nimeanza leo," akasema Opondo, akikunja lile tanga. "Na naona wavu imeshika."

Chelimo alitaka kukasirika, akashindwa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Meneja wa shamba la chai, mzungu mzee, alikuwa anarudi kwao. Alikuwa na mashua mbili za matanga, ndogo na kubwa, zilizolala bandani nyuma ya nyumba yake, ambazo kila likizo alizivuta kwa trela hadi ziwani Kisumu. Opondo ndiye aliyezitunza miaka yote, na meneja akamwambia achague moja kwa bei ya kuagana kabla nyingine haijatangazwa gazetini.

Tanga lilishonwa, likaisha. Opondo hakuisha. Kila jioni simu ililia katika duka la Bosire, jirani yake Chelimo.

"Jaber, mrembo wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe umeoga, ama bado unanuka grisi?"

"Kuja unuse."

"Shh! Bosire anasikia."

"Mwambie atafute wake."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufikia wakati wa kuvuna mahindi, hata Mzee Kipkurui, babake Chelimo, alikuwa akiuliza kule kwao Sigor huyo fundi ataletwa lini nyumbani.

Jumapili moja baada ya kanisa Opondo akampeleka kuziona mashua. Banda lilikuwa kati ya mikaratusi, na kutoka mlangoni ulionekana mchai mtupu hadi macho yachoke. Ile ndogo ilikuwa na kijichumba cha mtu mmoja kujikunja. Ile kubwa ilikuwa na vitanda viwili, jiko, sinki, na madirisha manne ya duara. Chelimo akapanda na viatu vyake vya kanisa, akatoa futi mfukoni, akaanza kuyapima kwa mapazia.

"Rangi gani, Fundi? Maua ama mistari?"

"Chagua wewe. Hii ndio nyumba yetu."

"Nyumba ya likizo," akacheka.

"Ya kukaa, Chelimo. Ya siku zote." Opondo hakucheka. "Ukikaa kwa maji, hakuna mtu wa kukuuliza kwenu ni wapi."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Akina Opondo waliambiwa, tena kwa sauti. Mwaka wa tisini na mbili, katika ghasia za kura, nyumba ya babake kule Fort Ternan ilichomwa, na mzee akafa mwaka uliofuata kwa jamaa ziwani, akiulizia ng'ombe wake. Opondo alibaki kazini na hakulitaja jambo hilo. Sasa alilitaja, na Chelimo akaelewa kwamba mashua kubwa ilikuwa nyumba ya mtu aliyeapa kutojenga tena juu ya ardhi. Akipanda humo, Opondo harudi huku milele.

"Chukua ile ndogo," akasema Chelimo.

"Ndogo inalala mtu mmoja."

"Najua. Chukua hiyo."

Angeeleza. Lakini waliokuja na mienge walizungumza lugha yake Chelimo, naye akaona aibu kusema. Opondo akaichukua ile futi, akaikunja, akamrudishia mkononi.

"Nimesikia," akasema.

Simu ikanyamaza. Chelimo alipopiga kiwandani, karani alimjibu fundi ana kazi. Wiki zikapita. Akashona sare za shule huku machozi yakidondokea kitambaa, akiwaambia wateja ana mafua. Akasikia kwamba mzungu anaondoka mwisho wa mwezi.

Siku moja, duka la Bosire likiwa limejaa watu wa mkate na maziwa, alipiga tena, na simu ikapokelewa na Opondo mwenyewe. Nyuma yake mashine za kukausha chai zilikuwa zinanguruma.

"Opondo! Sikukukataa!"

"Nini? Sisikii!"

"Nilisema ndogo kwa sababu hiyo kubwa haina kurudi!"

"Ongea kwa nguvu!"

Chelimo akawatazama watu wa foleni, majirani na waumini wenzake. Kisha akageukia ukuta.

"Nyumba ya baba yako ilichomwa na watu wetu! Nilishindwa kusema! Nilitaka uwe na mahali pa kurudia, na mimi nikiwa hapo!"

Simu ikakatika. Bosire akamkabidhi mama mmoja maziwa, akasahau kuchukua pesa. Chelimo akatoka nje, bila kujua Opondo amesikia lipi.

Siku ya tatu, mvua ya mawe ikipiga mabati, akaja. Ovaroli lilikuwa limelowa, kola ni nyeupe vilevile.

"Nataka mapazia," akasema.

"Ulinunua gani?"

"Ndogo. Ya Jumapili."

"Ndogo haina dirisha, Fundi."

"Ni ya nyumba. Nilienda Fort Ternan. Msingi wa mzee bado iko, imemea nyasi. Dirisha mbili mbele, kubwa."

Chelimo akaweka mkasi chini. "Ulisikia kwa simu?"

"Hata mashine zilisikia." Akapangusa maji usoni, na hayakuwa ya mvua yote. "Jumamosi nakuja Sigor na wajomba wangu, kwa koito, ile posa ya kwenu. Nitamwomba baba yako mtoto wake. Utanikubali?"

"Mwaka ujao ni kura, Opondo. Huogopi?"

"Naogopa sana."

"Mimi pia." Akamshika ile kola, akainyoosha ingawa haikuwa imekunjamana. "Kuja. Nitakubali mbele yao wote."

Kisha akavuta kitambaa cha maua, akakitandaza mezani, akakipima kwa mkono.

"Dirisha kubwa hivi, watu wataona taa yetu kutoka barabarani."

"Waone," akasema Opondo.

Chelimo akachukua mkasi, akaanza kukata.