Mwenye Karakana Ataongea Mwenyewe

Kila siku akitoka shule, Kasuku alivua sare, akala kilichopo, kisha akakimbilia karakana ya baba yake. Kasuku lilikuwa jina la utani. Jina lake halisi walilijua walimu tu, maana mtoto yule aliongea tangu anafumbua macho hadi usingizi unapomkatiza.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti, madirisha na vitanda, na kazi yake haikuwa ya kurudiwa. Mkono wake haukukosea, ila ulimi ulikuwa na kigugumizi. Mama alipiga rangi kazi zilizokamilika, amejifunga kitambaa puani. Kasuku naye alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyempa: kumsemea Baba.

"Fundi, geti langu vipi?" mteja angeuliza.

"Li-li-li…"

"Liko tayari, limebaki kupigwa rangi tu!" Kasuku angedakia.

Wateja walicheka na kumsifu. "Huyu mtoto ndiye meneja!" Baba alishusha ngao yake ya uso na kurudi kwenye cheche zake. Kasuku alitembea kifua mbele siku nzima.

Mwaka ule karakana ilipata kazi kubwa kuliko zote: milango na madirisha ya shule mpya iliyokuwa ikijengwa ng'ambo ya barabara kuu. Mkandarasi alikubali kutanguliza nusu ya malipo ili vyuma vinunuliwe, lakini alitaka pesa ziingie kwenye akaunti ya biashara, si mfukoni mwa mtu. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Benki yao ilikuwa imefunga tawi la mtaani. Karani aliyezoea kumtania Baba kila Jumatatu alihamishwa, na mlangoni likabaki bango la kusema kwamba huduma za tawi hilo sasa ni kwa simu. Pesa za mkandarasi zilipofika, ukaja ujumbe: malipo haya ni makubwa, yamezuiwa, mwenye akaunti apige simu kuthibitisha.

Baba akapiga. Mashine ikajibu kwa sauti laini. "Tafadhali, taja jina la biashara yako."

"Ka-ka-kara…"

"Samahani, hatujakusikia. Tafadhali, taja jina la biashara yako."

Akajaribu tena na tena, mashine ikamuaga na kukata simu. Baadaye akapatikana binadamu, naye alikuwa mbio mbio kama anayefukuzwa. "Mzee, ongea basi! Wateja ni wengi!" Mishipa ya shingo ikamsimama Baba, jasho likamtoka, na kabla neno halijatoka simu ikakatwa.

"Hawana adabu hawa!" Mama akang'aka. "Mtu anaomba pesa yake mwenyewe, wanamfokea!"

Baba aliiweka simu juu ya meza, akatoka nje kuvuta pumzi. Mama akamfuata. Kasuku akabaki anaitazama ile simu. Alijua kila kitu kuhusu Baba, hata tarehe yake ya kuzaliwa. Akaichukua, akapiga, na yule binadamu alipopokea, akakaza koo na kuongea kwa sauti nzito.

"Mimi ndiye mwenye karakana."

Swali la kwanza akajibu vizuri. La pili pia. Alipofika la tatu, koo likamsaliti, ikatoka sauti yake ileile ya darasa la sita.

"Wewe mtoto! Nani kakupa hii simu?"

Loo! Akaunti ikafungiwa palepale, na pesa zikarudishwa kwa mkandarasi. Kasuku akatoka nje, akawaeleza wazazi wake yote.

"Nani alikutuma?" Mama akafoka.

"Nilitaka kusaidia, Mama."

"Kusaidia! Wamekuona mwizi wa akaunti ya baba yako mwenyewe, huko ndiko kusaidia?"

Baba alishusha ngao yake ya uso, akarudi kwenye cheche. Hilo lilimuuma Kasuku kuliko makelele ya Mama.

Jioni hiyo mkandarasi alipita karakana. "Fundi, kazi yako naipenda," alisema, "lakini mafundi wengine wanasubiri. Nipe akaunti inayofanya kazi kabla ya Ijumaa, la sivyo nampa mwingine."

Kesho yake Baba alimchukua Kasuku wakaenda makao makuu ya benki. Walikaa sana kwenye foleni. Zamu yao ilipofika, ofisa aliyevaa tai alimsikiliza Baba kidogo tu, akamgeukia mtoto.

"Baba yako anasemaje? Nieleze wewe, tusipoteze muda."

Kasuku, kwa mazoea, akaeleza. Ofisa akaandika kwenye kompyuta bila kumtazama Baba hata mara moja. "Mwambie baba yako tutachunguza kwa wiki mbili. Na siku nyingine simu apige mtu anayeweza kuongea vizuri."

Baba akasimama. Akaweka kiganja chake chenye makovu ya moto juu ya ile meza safi.

"I-i-ifungeni," akasema. "Ka-kabisa. Nipeni changu niondoke."

"Mzee, utaenda wapi? Siku hizi benki zote ziko hivi."

"Nita-nitatafuta ya wa-watu."

Na thubutu mtu amrudishe! Alikaa pale hadi akapewa kilicho chake, akatoka bila kuaga.

Mama aliposikia, alishika kichwa. "Umefunga? Na Ijumaa je?" Kisha akamwambia Baba kwamba alichosema yule ofisa kimemkera hata yeye, akatia brashi kwenye kopo. "Haya, nendeni mkatafute. Ila msiniletee benki isiyojua kusalimia watu."

Benki ya kwanza, kijana wa mapokezi alikuwa na haraka ya kuuza. Baba hajamaliza neno la kwanza, keshaanza kueleza mkopo wa pikipiki. Baba akanyanyuka. Ya pili, mlinzi aliwaonyesha mashine ukutani na kusema, "Ongea na hiyo." Baba akageuza palepale mlangoni. Kasuku akaanza kuhofu kwamba kazi ya shule imewaponyoka, na kwamba yeye ndiye chanzo.

Ya tatu ilikuwa benki ndogo nyuma ya soko, imebanwa kati ya duka la viatu na duka la dawa. Wateja walikuwa wauza mboga, mafundi cherehani na wenye maduka, na meneja wa tawi alikuwa amekaa papo hapo kaunta, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Karibu, fundi. Pole na kazi," alimwambia Baba, akitazama mikono ya shati iliyotobolewa na cheche. "Nikusaidie nini?"

"Baba yangu ana karakana ya…" Kasuku akaanza.

"Mwanangu, ngoja kidogo. Nimemuuliza mwenye karakana."

Kasuku akafunga mdomo. Baba akavuta pumzi. "Na-na-nataka…" Neno likakwama. Meneja akaweka kalamu chini, akamtazama usoni bila kukunja uso wala kutabasamu kwa huruma. Baba akarudia, likakwama tena. Nyuma yao foleni ikaanza kunung'unika. Baba akamgeukia Kasuku, kama alivyozoea kufanya kila maneno yanapomshinda.

Kasuku alilijua lile neno. Lilikuwa mdomoni tayari, linamwasha kama pilipili. Akaung'ata ulimi.

"Jamani!" mwanamume mmoja akapaza sauti nyuma. "Si mtoto aseme tu, watu tuondoke?"

Kasuku akageuka mzimamzima. "Hapana!" akasema, na benki nzima ikasikia. "Mwenye karakana ataongea mwenyewe!"

"Umesikia," meneja akamwambia yule bwana. "Zamu yako ikifika, na wewe nitakusikiliza mpaka mwisho."

Baba akaongea. Ilichukua muda, na ichukue! Alieleza karakana, shule mpya na Ijumaa ya mkandarasi. Kisha akasema jambo ambalo Kasuku asingelitaja kamwe.

"Na u-ujue mapema. Akaunti yangu ya kwanza ili-ilifungiwa. Mwanangu alijifanya mimi kwenye si-simu."

Kasuku akatamani ardhi ipasuke. Meneja akamtazama mtoto, akamtazama Baba, akatikisa kichwa kukubali.

"Ahsante kwa kuniambia mwenyewe. Ningelisikia kwingine ningekuwa na wasiwasi. Kesho asubuhi nitapita karakana nione kazi. Akaunti ya biashara siifungui kabla sijaiona biashara yenyewe. Na ukiwa na shida njoo hapa, au piga simu ya tawi. Napokea mimi, na nasubiri."

Kesho yake alifika kweli, akakagua madirisha, akamsalimia Mama na kuulizia rangi ya kuzuia kutu kwa ajili ya geti lake. Akaunti ikafunguliwa siku hiyohiyo. Alhamisi mkandarasi alituma malipo, na Ijumaa lori likashusha vyuma mlangoni.

Baba akamwita Kasuku kando ya rundo la vyuma.

"Uliposema 'mi-mimi ndiye', ulidanganya. Uongo wa ku-kusaidia ni uongo tu. Ulinifungia akaunti."

"Nimekosa, Baba. Nisamehe."

"Na kila siku unanima-malizia. Unasema unachodhani wewe, si ni-nilichotaka mimi. Maneno yangu yanachelewa, la-lakini ni yangu. Anayetaka kazi yangu a-angoje. Ukitaka kunisaidia, ngoja na we-wewe."

"Nitangoja, Baba."

Mama aliacha kupiga rangi, akawa anawasikiliza. Baba akafungua mdomo tena. "A-a-a…"

Kasuku alishalimaliza kichwani: anza kufagia. Alikwisha kuutazama ufagio. Lakini alinyamaza, akangoja, hata neno lilipokwama mara ya tatu.

"A-a-ahsante, mwanangu," Baba akasema. "Kwa pale be-benki."