Mgeni wa Mlango wa Nyuma

Asubuhi ile sahani ya mlango wa nyuma ilikutwa imejaa vilevile, mchuzi umeganda juu yake. Ummulkheir aliitazama akaona si neno. Siku zote ilikutwa tupu, naye aliamini ni kazi ya wanyama wa kando ya mto. Labda jana wamekula kwa jirani.

Yeye ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na kazi yake ilikuwa kumtunza Mzee Vernon, Mdakota, mtu wa kabila la wenyeji waliokuwako kule ughaibuni kabla ya Wazungu, katika nyumba yake ndogo ya Inver Grove Heights. Alimwogesha, akampikia, akampa dawa zake, kisha akawasha gari kurudi kwake Brooklyn Park. Alifanya yote hayo kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi. Mamake alizikwa Mombasa yeye yuko zamuni, na tangu hapo hajatoa chozi. Watu walimsifu kwa subira. Subira gani? Moyo ulikuwa umelala tu.

Tangu aanze kazi mzee alimpa sharti moja: kila jioni, kabla hawajala, chakula kidogo kiwekwe nje ya mlango wa nyuma kwa ajili ya marehemu baba yake, na mtu asiseme naye. Baba huyo alipelekwa Ufaransa katika vita vikuu vya kwanza, akaipigania nchi ambayo hata uraia ilikuwa haijampa. Alirudi na miguu iliyokufa ganzi kwa maji ya mahandaki, akakuta shamba lao limeuzwa na kuzungushiwa waya. Alikufa akiuzunguka waya ule. Mzee Vernon mwenyewe, miaka ya sabini, aliandamana na wenzake kudai ardhi zao mpaka akalala rumande, na alichoambulia ni kipande hiki cha shamba lile, chenye nyumba, tena kwa kukinunua.

Ummulkheir alisikiliza kwa adabu. Kila watu wana yao.

Lakini mazoea yana taabu. Jioni ya kuamkia siku ile ya sahani, alikuwa mezani jikoni peke yake, tonge mkononi, aliposikia buti zikipanda ngazi za nyuma, zikasimama. Mtu wa pwani hawezi kusikia hatua mlangoni naye anakula, akanyamaza. Ni aibu kubwa. Ulimi ukamtangulia: "Karibu, tule."

Hakuingia mtu. Akajiambia ni upepo, akaendelea kula.

Baada ya hapo jikoni kukaanza kunuka blanketi la sufu lililolowa tope, harufu isiyotoka hata kwa dawa ya choo. Kiti cha pembeni kikawa kinakutwa kimevutwa. Wali ukapungua kwenye sufuria. Kisha vidole vyake vya miguu vikafa ganzi. Alivichoma kwa sindano, damu ikatoka, maumivu hayakuja. Na kila magharibi ilipoingia, na magharibi ya majira haya ya baridi huingia mapema kama mtu mwenye deni la usingizi, alikaa mezani akijua kwamba kile kiti si kitupu, akisikia mtu akitafuna polepole, akisikia maji yakidondoka kutoka kwenye nguo asizoziona, na ganzi ikipanda kutoka kwenye kifundo hadi kwenye muundi hadi gotini, na kilichomtisha kuliko hayo yote ni kwamba haikumtisha sana.

Mwishowe alimweleza mzee. Mzee Vernon akauliza kwa sauti ya chini, "Ulimwita ndani?"

"Nilimkaribisha. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

"Mama yangu naye alimwita ndani, kwa mapenzi. Ganzi ilianzia miguuni. Ilipofika kifuani tukamzika."

Ummulkheir akampigia simu Bwana Abdulhadi, mtu wa Kisauni anayeendesha basi la shule na kusomea wagonjwa. Akaja na chetezo chake, akafukiza ubani mpaka king'ora cha moshi kikalia, akasoma hadi sauti ikamkauka. Kiti hakikutikisika. Akamvuta Ummulkheir kando.

"Sikiza, dadangu. Huyu hakuvunja mlango, umemkaribisha mwenyewe. Mimi nafukuza mwizi, siwezi kufukuza mgeni wa mtu. Na nikikwambia ukweli, naogopa ku-drive na mtu kama huyu nyuma yangu."

Akaondoka bila hata kunywa chai.

Ganzi ilikuwa imefika kiunoni. Ummulkheir alikaa akikitazama kiti, akamkumbuka babu wa bibi yake, aliyekamatwa vita hivyo hivyo akawabebea Waingereza mizigo, asirudi. Hitima yake ilisomwa bila kaburi. Akamwonea huruma huyu anayekula. Na bibi yake alikuwa na neno kuhusu wageni, neno ambalo kila mtoto wa Kiswahili analijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Akajikokota hadi gereji, akalitoa jembe ambalo Mzee Vernon alilimia mahindi alipokuwa na nguvu. Akaliegemeza kwenye kiti.

"Mgeni wangu, umekula umeshiba," akanong'ona. "Sasa kalime."

Mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe. Jembe likatoka.

Aliporudi asubuhi, barabara ilikuwa na magari ya polisi. Ardhi iliyoganda, ambayo hata sururu haiingii, ilikuwa imelimwa. Tuta lilianzia kwenye ngazi za Mzee Vernon, likapita uani kwa jirani, likakata lami, likaingia chini ya nyumba za watu kama kwamba hakuna nyumba, likatokea upande wa pili kuelekea mtoni. Majirani walisimama na nguo za kulalia.

Mzee Vernon alikuwa dirishani.

"Huo ndio mpaka wa baba," alisema.

Ummulkheir akavua viatu. Vidole vilimuuma, vikamuuma sana, na pamoja na maumivu akamjia mamake moyoni. Akalia palepale kwenye ngazi, kwa mara ya kwanza.

Jioni aliiweka sahani nje kama kawaida. Mzee akamwambia aongeze chakula, maana mtu anayelima hula sana. Mbali, chini ya nyumba ya jirani, jembe lilikuwa bado linagonga. Ummulkheir akakaa mezani, mkono mmoja kwenye tonge, mwingine ukiuziba mdomo, ulimi usimtangulie tena.