Mgeni wa Kitanda cha Dirishani

Kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu, lakini shuka lake lilikuwa na joto.

"Gusa mwenyewe," muuguzi alimnong'oneza fundi wa programu. "Tena linanuka udongo uliolowa. Na mashine yako inasema kuna mtu."

Fundi alitazama skrini ya wodi. Kweli: Kitanda cha dirishani, Mgeni.

"Huyo nimemweka mimi, dada." Alijaribu kucheka. Programu yake iliiuliza hifadhidata nani amelala wapi, ikasoma majibu safu kwa safu na kugeuza kila safu kuwa jina. Kitanda kisicho na mtu kilirudisha utupu, na programu ikipokea utupu ilikuwa inakwama. Basi kwa haraka zake akaongeza mstari: jina likikosekana, andika Mgeni.

"Kwa hiyo ulimkaribisha."

"Nani?"

"Huyo aliyelala hapa."

Mkabala na kitanda hicho alilala mama yake fundi, ambaye tangu apasuliwe hakuweza hata kujigeuza. "Mzee wa Vitufe," alimtania mwanawe kama kawaida yake, kwa sauti nyembamba, "mwambie jirani yangu aache kunitazama."

Muuguzi akashika mdomo. Skrini ilikuwa imebadilika. Kitanda cha mama: Mgeni.

Fundi aliikimbilia kompyuta ya wauguzi akaifungua hifadhidata yenyewe. Safu ya mama ilikuwepo, ila mahali pa jina palikuwa patupu. Akaliandika jina, akaisoma safu, tupu. Akaliandika tena, herufi kwa herufi, akilitamka kama anayemwita mtu aliyezama, akasoma, tupu, na harufu ya udongo ikamjia kisogoni, na kule kitandani pumzi za mama zikawa zinakatika, kila moja ikichelewa kuliko iliyotangulia, mpaka akaelewa kwamba alikuwa anahangaika na chumba ilhali mlango aliufungua mwenyewe.

"Fanya kitu, kaka," muuguzi alilia chini chini. "Anatutoka!"

Akaufuta ule mstari wa Mgeni. Penye utupu, akaiamuru programu, paachwe patupu. Akaiwasha upya.

Kitanda cha dirishani: hakuna kitu. Kitanda cha mama: jina lake kamili, limenyooka.

"Shuka limepoa," muuguzi alisema, akakaa sakafuni na kulia waziwazi. "Ameondoka."

Fundi hakumsubiri. Alimkuta mama ameketi wima, miguu inaning'inia, kifua kinapanda na kushuka vizuri.

"Mama! Umeamka? Ni mimi."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, kwa upole, kama mtu anayejifunza sura. Hakumwita Mzee wa Vitufe. Aliinua mkono akampapasa shavu, na kiganja kilikuwa cha moto, kinanuka udongo uliolowa.

"Ahsante," alisema, "mwenyeji wangu."